Vigezo vya Mashine ya Kuchambulia Karafuu

Hapo Mtambile, hodari wa kuchambua karafuu alikuwa Bi Yumna, na wa kwanza kukwambia hivyo ni yeye mwenyewe. Tangu alipokuwa mwari alikaa kwenye jamvi la Mzee Bakar kila msimu, akizitenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mdomo nao haupumziki. Alimdharau kila mtu: wachumaji wavivu, wanawake wenziwe wenye vidole vizito, na Mzee Bakar mwenyewe, aliyerithi shamba zima la mikarafuu na hajapata kuukwea hata mmoja. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha tangu afiwe na mumewe, wala hakuwa na nyengine.

Msimu huu Mzee Bakar akamleta Ridha, kijana wa karakana moja ya Wete, amuundie mashine ya kuchambulia. Ridha alisema kabla ya kukata bati lazima aandike vigezo: mashine iweze nini, na isifanye nini. Basi akaketi jamvini na kompyuta mapajani, suruali imepigwa pasi, mbele ya Bi Yumna.

Bi Yumna akamtazama juu hadi chini, akasonya.

"Mashine? Haya, andika, baba. Karafuu haivutwi, huvunjwa kwa gumba. Ukivuta, kichwa kinakatika. Hilo bati lako litayajua hayo?"

Ridha akaandika.

"Na ikilowa mvua, nkono hulegezwa. Hata ntoto wa hapa analijua hilo."

Akaandika tena. Asma, mchambuaji mwenziwe aliyekaa ubavuni, akamfinya Bi Yumna paja ili anyamaze. Lakini Bi Yumna akishapata mtu wa kumdharau hakamatiki. Alimshika kijana mkono, akamwonyesha gumba linavyolazwa, na namna ya kuitambua karafuu iliyokwisha kuchanua kwa kuigusa tu. Alitaka aone haya, afunge kompyuta yake arudi kwao. Kijana hakuona haya yoyote. Aliuliza kila kitu mara mbili.

Alasiri alikuja Mzee Bakar, akasomewa. Hapo ndipo Bi Yumna alipoyasikia maneno yake yakirudi, yameondolewa kejeli na kupangwa vizuri: ivunje, isivute, ilegeze karafuu ikilowa, iitenge iliyochanua. Hakuna hata kimoja ambacho kijana alikitoa kichwani mwake. Kumbe mjinga wa jamvi lile alikuwa yeye, na msimu ujao pale pake pangekaa bati.

"Mashaallah," alisema Mzee Bakar. "Ongeza kimoja. Isizungumze."

Ridha akaandika, kisha akauliza kwa adabu, "Kuna jengine, Bi Yumna?"

Bi Yumna aliinamisha kichwa. Vidole vyake viliendelea kuchambua, neno halikumtoka.

Mzee Bakar akamwangalia, akatabasamu.

"Kumbe mashine ishaanza kazi," alisema.