Veranda ya Dakika Kumi Nyuma

Mchoraji wa ramani za nyumba aliye juu ya duka la mbegu, Kitale, bado huweka penseli sikioni, ingawa miaka mingi sasa anachorea kwenye kompyuta. Akifuta mstari hupuliza kioo, kisha hupangusa meza kwa kiganja, kana kwamba unga wa raba bado unaanguka kama enzi za karatasi. Kidole chake kidogo hubonyeza kuhifadhi kazi kila mara. Nimekiona kikibonyeza hata juu ya kitabu cha nyimbo kanisani.

Siku moja kilichelewa. Nilikuwa nimemleta shangazi yangu Edah kutoka Kamukuywa, aje aondoe kwenye ramani ya nyumba yake veranda ambayo marehemu mumewe alitaka itazame Mlima Elgon. "Sasa nani atakaa hapo?" alisema. Ikafutwa, jiko likasogezwa, na kabla kidole hakijabonyeza, stima ikapotea. Iliporudi, shangazi alikuwa ameshika kichwa.

"Tulia, mama," mchoraji alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Hii kitu hujiwekea kopi yenyewe kila dakika kumi. Si yote imepotea."

Akaitafuta, akaifungua. Ilikuwa ya kabla hatujafuta chochote: veranda imerudi, na kiti ambacho marehemu alisisitiza kichorwe kipo palepale.

"Pole, imerudi nyuma kidogo. Nitoe tena?"

Shangazi alikiangalia kile kiti. "Wacha tu ikae."

Mchoraji akabonyeza kuhifadhi, polepole, kisha akapangusa meza kwa kiganja, ingawa safari hii hakuwa amefuta kitu.