Bangi ya Kuku wa Kambo

Mnanichosha na maswali yenu. Redio ikisema tu kuna nchi zimeruhusu bangi, wajukuu wangu wanafungua bunge sebuleni: huyu anasema dawa, yule anasema shetani, halafu wote wananigeukia. Minye shule niliacha darasa la tatu. Lakini bangi naijua, na siyo kwa kuivuta. Haya, kaeni.

Nilipokuwa mtoto pale Panda, kambi ya wafanyakazi wa migodi, kampuni ilikuwa imeacha kulipa watu, na ule unga wa mgawo ukakatika. Baba akaenda kuchimba Kambove. Sisi tukabaki tunaishi kwa kuku wa Kambo, mama yake baba. Nyuma ya banda lao kulikuwa na vichaka viwili vya bangi. Kuku wakikohoa, Kambo alikatakata majani, akachanganya na pumba, wakapona. Alisema kwao, ng'ambo ya Lualaba, wazee walimaliza vita kwa kuivuta kwenye kibuyu kimoja, na mwenye kosa alivutishwa mpaka aanguke. Wazungu ndio walikuja kuiita bangi yenyewe kosa.

Sharti lilikuwa moja. "Bangi ya muntu unaiomba," alisema. "Ukiiba, itakusemesha."

Kiangazi kimoja majani yakaanza kupungua. Kuku wakakohoa, wakafa. Baba mdogo Ilunga, shemasi, mtu wa kukemea majani yale kila siku, akamnyooshea mama yangu kidole: anawauzia wachimbaji majani. Akamgeukia Kambo.

"Mama, huyu mwanamuke atatumaliza. Arudi kwao."

Kambo akaamini, mkwe ni rahisi kuamini ubaya wake. Mama akaambiwa aondoke Jumapili baada ya ibada, arudi Mulungwishi, watoto wabaki. Asubuhi ile nilikalia furushi lake la nguo na kukataa kuinuka. Walinikokota mpaka kanisani.

Ilunga akasimama kutoa ushuhuda, macho mekundu kama pilipili.

"Haleluya," akasema, akacheka. Akajaribu tena, akacheka zaidi, akashika tumbo. Watu wakadhani ni Roho, wakaitikia "Amina!" Ndipo akamwona mama yake.

"Mama, usiniangalie vile! Kuku yako iko na bahati! Majani muzuri vile, ilikuwa inakula yenyewe tu! Minye nilivuta, sikuweza kuacha!"

Kambo akainuka polepole.

"Nilisema itakusemesha."

Leo najua bangi hulegeza mdomo, na labda hakuna zaidi ya hapo. Kwa nini ilimlegeza siku ileile mama alipokuwa amefunga mzigo, hilo sijui, na sijatafuta wa kunieleza. Nyinyi mnabishana serikali iruhusu au ikataze. Yale majani yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na sharti lake. Hata Kambo alikosa: alimhukumu mama bila kumuuliza. Msamaha hakuomba. Alifungua furushi kwa mikono yake, akarudisha nguo moja moja kwenye sanduku.

Wazee wa kambi wakataka Ilunga avutishwe mpaka aanguke, kama zamani. Kambo akafyonya.

"Huyu? Mutakuwa mumemupa zawadi."

Robineti za maji za kambi zilikuwa zimekauka. Kwa amri ya Kambo, Ilunga akamchotea mama yangu maji mtoni mwezi mzima, mchana kweupe, ndoo kichwani kama mwanamke, wanaume wenzake wakimpigia miluzi. Mama alikuwa anachungulia ndani ya ndoo. Isipojaa mpaka ukingoni, alimwaga yote chini, akamrudishia shemeji yake ndoo.

"Mulamu, rudi."