Wenye Kofia Juu ya Mazishi ya Mama

Dada yangu mkubwa hakuniomba, aliniamuru. "Zile tuzo za muziki wa kantri wanazirudia leo saa nane mchana. Mimi niko shifti. Rekodi zote, na usinikatie katikati kama siku ile!" Akatoka kwenda kulea wazee wa watu, nikabaki pale Woolwich, huku ng'ambo, na mzigo wa wanaume wa Kimarekani wenye kofia.

Asiyewajua Wakenya atauliza kantri inatuhusu nini. Inatuhusu sana! Mama yetu alikama ng'ombe na redio pembeni, akisema hao ndio wazungu pekee wanaojua taabu ya mifugo. Mimi muziki wenyewe ulinichosha. Mume kalewa, mke katoroka, mbwa kafa. Si ningebaki tu kwa mjomba nikayaona bure?

Nyumba ilijaa video za harusi zisizoandikwa kitu, nyingine za watu tusiowajua. Kaseti moja tu ndiyo iliyoheshimiwa, ya mazishi ya mama. Dada hakuweza kwenda kumzika. Karatasi zake za uhamiaji zilikuwa hazijatoka, na ukiondoka hurudi. Msafiri mmoja alituletea hiyo kaseti mkononi, na miezi minane dada alikuwa hajathubutu kuitazama. Alitaka kujua jambo moja tu: je, alitajwa wasifu uliposomwa? Kaka yetu alikuwa ameapa kwamba mtoto asiyekuja kuzika hahesabiwi.

Nilijua kaseti hiyo inakaa chini ya kitanda chake. Basi nikachomoa moja kutoka kwenye rundo la harusi. Kile kipande cha plastiki cha kuzuia kurekodi kilikuwa kimevunjwa, nikaziba tundu kwa selotepu kama tulivyofanya sote, nikabonyeza, nikaenda kupika chai.

Jioni tulitazama pamoja. Mshindi mmoja alilia machozi, akamshukuru Mungu, kisha meneja, kisha mkewe. "Huyo mke ajipange," nikasema. Dada alicheka mpaka akashika mbavu.

Kofia ya mwisho ikapunga mkono, picha ikatetemeka, na ghafla tukaona ua wetu wa Murang'a. Turubai zinafunguliwa, akina mama wa kanisa wanaosha sufuria. Mazishi yalikuwa yameisha.

Ngai, Mungu wangu! Nilitamani sakafu inimeze. Kumbe dada alikuwa ameihamishia kwenye rundo kwa sababu hakupata usingizi ikiwa chini yake.

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Aliangalia mpaka sufuria zikaisha, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Wewe ulikuwepo, hukuwa umekuja huku bado. Nimeogopa kukuuliza hadi leo. Nilitajwa?"

Nilikuwepo. Nilisimama karibu na kaka, nikamsikia akisoma majina ya watoto watano kati ya sita, sauti safi, wala hakumeza mate. Nami nilinyamaza, mwoga mimi.

"Ulitajwa," nikasema. "Wa kwanza kabisa."

"Jina lote?"

"Lote, hata la ubatizo. Watu wakaitikia."

Akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekibana miezi yote ile, nami nikamshika mabega nikiwa na aibu na furaha kwa pamoja. Ile kaseti niliifuta kwa bahati mbaya. Ningekuwa na akili, ningeifuta siku ilipofika.