Magadi Ambayo Hayakuwa Magadi

Wakati huo nilikuwa Kitengela, nikijaza sabuni ya maji kwenye chupa za plastiki. Kabla ya sabuni niliwauzia chai wachonga mawe wa machimboni, na kabla ya chai nilikuwa Loitokitok nikipalilia vitunguu. Sikai mahali. Shule niliiacha kidato cha pili, na nikiulizwa sababu natoa jibu jipya kila mara, na yote ni ya kweli.

Aliyeniajiri alikuwa mama mmoja kutoka Ukambani. Alikodi vyumba viwili vya mabati nyuma ya maduka, kimoja cha kuchanganyia sabuni na kingine cha kulala. Tulikuwa vibarua wawili, mimi na mwanamke mwenzangu ambaye mdomo wake haukupumzika. Aliniita Profesa, kwa sababu siwezi kupita mfuko wenye maandishi bila kuyasoma.

Kemikali zetu zilitoka Nairobi katika mifuko ya nailoni. Muuzaji alibandika kipande cha utepe kwenye kila mfuko na kuandika kwa kalamu nene, si jina bali fomula. Mama hakuzisoma. Aliijua mifuko yake kwa macho na vidole: magadi yalikuwa unga unga, kostiki, ile soda kali inayochoma ngozi, ilikuwa magamba membamba yanayong'aa. Na kwa kuwa magadi ya sabuni na magadi ya kulainisha maharagwe ni kitu kimoja, hakuona maana ya kununua mengine dukani. Siku ya maharagwe alichota kwenye mfuko wa kazi, akafunga fundo, akarudi jikoni. Tulikula hivyo miezi mingi na hatukuumwa hata tumbo.

Mimi zile fomula nilizisoma kama mtu anayesoma barua ya zamani. Kemia ndiyo somo pekee lililoniuma kuliacha. Mwalimu wetu alitufundisha kwa mikono. Sodiamu ana mkono mmoja, alisema. Kloridi naye ana mmoja, wakishikana ni chumvi. Kaboneti ana mikono miwili, kwa hiyo hatosheki na sodiamu mmoja, anataka wawili, na hiyo mbili unaiandika ndogo, chini, mara tu baada ya Na. Haidroksidi ana mmoja tu. Mkono wowote usibaki ukining'inia. Tulikuwa tunashikana mikono darasani, tukicheka, wavulana wakigombania kuwa kaboneti ili washike wasichana wawili.

Asubuhi ninayoikumbuka, mwenzangu aliniita kutoka jikoni.

"Profesa! Kuja uone. Maharagwe imeamua kuwa sabuni."

Sufuria lilikuwa limejaa povu la kijivu. Mama alicheka. "Hiyo ni maharagwe ya msimu uliopita, ni mawe. Nimewekea magadi kiganja kizima na bado inanikataa." Akachovya mwiko, akapuliza, akaonja.

Akauweka mwiko chini. Halafu akasema, "Imenichoma."

"Si uko na haraka, Mama," mwenzangu akamwambia. "Maharagwe haikimbii."

Mama hakucheka. Alitema, akatema tena, na mate hayakukatika. Midomo ilikuwa imeanza kuwa myeupe kwa ndani. Alishika shingo kwa mikono yote miwili, taratibu, kama anayepima kola ya nguo.

Nilitazama ndani ya sufuria. Povu halikutoka kwa maharagwe. Vipovu vilipanda kutoka ukutani mwa sufuria lenyewe, kutoka kwenye alumini, kana kwamba kuna kitu kinaitafuna. Magadi hayakuwahi kulila sufuria hivyo. Nikakimbia chumba cha kuchanganyia.

Mfuko uliofunguliwa ulikuwa wa mzigo mpya. Ndani hapakuwa na magamba. Kulikuwa na punje ndogo nyeupe, kama sukari. Nadhani muuzaji alikosa ile ya magamba, akatuletea ya punje, na vidole vya Mama vikadanganyika. Utepe ulikuwa umechanika. Palibaki Na, na baada yake kipande cha herufi ya mviringo, upande wa kushoto tu. Inaweza kuwa C. Inaweza kuwa O.

Lakini mbili haikuwepo. Nilisugua utepe kwa kidole, nikauinua kwenye mwanga wa mlango. Hakuna mbili. Kaboneti hawezi kushika sodiamu mmoja, mkono wake mwingine ungebaki hewani. Kwa hiyo haya si magadi. Ikiwa ile ni C ya kloridi, basi ni chumvi, na Mama ameungua kwa supu ya moto tu. Ikiwa ni O ya haidroksidi, ni kostiki. Na je, kama nimesahau? Miaka ilikuwa imepita. Huenda mwenye mikono miwili alikuwa mwingine. Nilisimama pale nikishikanisha vidole vyangu kama mwendawazimu, huyu na huyu, huyu na hawa.

Nilimwaga punje kidogo kwenye kikombe cha bati chenye maji. Kikombe kikapata joto mkononi mwangu. Chumvi haifanyi hivyo.

Niliporudi, mwenye duka jirani, mzee Msomali aliyetoka Garissa zamani, alikuwa ameingia na jagi la maziwa. Mwenzangu alikuwa amemwinamisha Mama na kumfungua mdomo ili amtie vidole.

"Wacha!" nilipiga kelele. "Usimtapishe!"

"Amekula sumu, Profesa! Sumu inatapikwa!"

"Ni kostiki. Imechoma ikishuka. Ikipanda itachoma tena."

"Nani amekuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mwalimu alitufundisha nani anashika nani, hakutufundisha la kufanya na koo la mtu. Nilikuwa nimejitungia mwenyewe, sasa hivi, kati ya mlango na jiko. Mama alinitazama, machozi yakimtoka, akingoja tuamue.

"Wewe msichana," mzee akasema, "kama umekosea huyu mama anakufa. Unajua?"

"Najua, mzee."

Alinitazama kidogo, akaweka jagi chini. "Basi asukutue na maji, ateme. Gari yangu inaenda Kajiado mnadani, na hospitali iko huko. Ingieni."

Barabara ile ya Namanga imenyooka, lakini siku hiyo haikuisha. Mama aliegemea bega langu na mate yakalowesha kitambaa baada ya kitambaa. Kila alipojaribu kumeza, mwili wake wote ulikaza. Niliupakata ule mfuko, fundo limefungwa mara mbili, na kila gari liliporuka nilifikiri: kama ni chumvi, nimewatisha watu bure. Kama alipaswa kutapika, nimemuua.

Hospitalini daktari kijana alituuliza alichokula.

"Magadi," mwenzangu akajibu, akiwa bado analia.

Nikaona uso wa daktari ukilegea. Magadi ni chakula. Alikuwa tayari anatazama benchi la mgonjwa anayefuata.

"Si magadi," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo. "Ni sodiamu haidroksidi."

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini baada ya Na hakuna mbili." Nikampa mfuko. "Na maji yamepata moto. Na sufuria limeliwa."

Aliugeuza utepe, akausogeza karibu na macho. Akafungua mfuko kidogo, akaufunga upesi.

"Ametapika?"

"Hapana."

"Mmemtapisha?"

"Walitaka. Mimi nimekataa."

Nilingoja aniambie kama nilikosea. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yake. Yeye alikuwa ameshageuka, akimwita muuguzi kwa sauti iliyofanya korido nzima itulie. Akasema Mama asilazwe chali, asipewe kitu chochote, wala asitapishwe kabisa. Wakamwingiza ndani na mlango ukafungwa.

Mwenzangu alikaa sakafuni. "Kabisa," akasema. "Amesema kabisa." Akatazama vidole vyake viwili, akavificha chini ya leso.

Mimi sikupata nafuu. Kujua jina la kitu hakukitoi kooni. Tulikaa hapo mpaka mzee alipotoka mnadani, akaja akasimama nasi bila kuuliza, na jua likahama kutoka ukuta huu hadi ule.

Kesho yake daktari aliruhusu kijiko kimoja cha maji. Alisema maji yakimkwama Mama, au akishika kifua, watampeleka Nairobi, na huko hakuahidi lolote. Muuguzi akashika kijiko. Mama akafunga macho. Niliitazama shingo yake kama sijawahi kuona shingo ya binadamu. Ikasimama. Ikapanda. Ikakaa huko juu muda ambao sitaki kuukumbuka.

Ikashuka.

"Kingine," akasema, kwa sauti ya kukwaruza.