Majina Yaliyonunua Sukari

Enzi zetu hapa Garissa, mtoto hakutumwa dukani kabla hajajua majina ya babu zake. Duka la baba yangu lilinukia majani ya chai, ngozi na samli. Watoto wa wafugaji walifika na makopo matupu, miguu imejaa vumbi, wakaomba sukari ya mkopo. Baba hakuuliza pesa. Aliuliza, "Wewe ni wa nani?" Mtoto akaanza: jina lake, la baba, la babu, akipanda hadi babu wa kumi, mbiombio kama anayefukuzwa na nyuki. Akikwama tulimcheka, "Ameangusha babu njiani!" Baba naye alicheka, kisha akapima sukari. Mvua ikinyesha na mifugo ikinenepa, ukoo ulileta mbuzi. Niliwahi kumuuliza kama hawatatoroka na deni.

"Wao watahama," akasema. "Babu zao watawahamishia wapi?"

Nikarithi duka, na masomo ya sekondari yakanipa kiburi. Nikaandika kibao: DENI KESHO. Mwaka wa ukame mzee Barre wa Sangailu, rafiki wa baba, alisimama mbele yangu akataja majina yote. Nikamwonyesha kibao. Ng'ombe wake wamekufa, niliwaza, atalipa nini? Aliondoka, na watu wake hawakukanyaga hapa kwa miaka mingi.

Sasa duka ni la mjukuu wangu. Kijana hodari huyo! Anakopa kwenye simu isiyomjua baba yake, na akichelewa kulipa inawapigia wakwe zake kumwaibisha. Eti maendeleo!

Juzi aliingia msichana mdogo na kopo. "Sukari. Aabo, baba yangu, atalipa mvua ikinyesha."

"Soma kibao, dada," mjukuu akamjibu.

Hajui kusoma. Akasimama wima akaanza kutaja: yeye, baba yake, na wa tatu, Barre wa Sangailu. Akaendelea hadi wa kumi.

"Awowe, babu, sikia huyu!" mjukuu akaniambia akicheka. "Amekuja kulipa na makaburi!"

Nilipiga meza mizani ikaruka. "Mpumbavu! Babu yake alikula na baba yangu. Pima sukari!"

"Lakini Awowe, kibao uliandika wewe."

Hasira ikanirudia mwenyewe. Nilipogeuka, mtoto ameshatoka. Nilijikokota hadi barabarani, sikumwona.

Zamani mtoto alikwama kwenye jina la nne na bado akaenda na sukari. Huyu hakukosea hata moja, na kopo lake limerudi tupu.