Banda la Kumzuia Mama

Mama alikuja kwetu Kitandililo kwa wiki moja. Alikuwa ameteleza akishuka na mzigo wa kuni kijijini kwake Makete, anakoishi peke yake tangu baba afariki, akalala kwenye nyasi na mguu uliovunjika mpaka jirani aliyekuwa anatafuta mbuzi wake akamkuta. Nadhani jirani alimpata mama kabla ya mbuzi. Mguu ulitibiwa hospitali ya Ikonda, na walipomfungua plasta nikaenda kumchukua, nikamwambia ni wiki moja tu. Nilidanganya, na yeye alijua.

Tatizo halikuwa mguu. Tatizo lilikuwa kwamba nyumba ni ya mkwewe. Kwetu mama mzazi anakwenda kwa binti yake kusalimia, au kumuuguza akijifungua, kisha anarudi kwake. Akikaa zaidi ya hapo, watu wanauliza kama hana kwake. Mume wangu naye kalelewa vizuri mno, kwa mila ya kutokaa na mama mkwe wala kumsemesha moja kwa moja. Mama akiingia sebuleni, yeye anatoka. Mama akitoka uani, yeye anakumbuka kitu chumbani. Chakula mume wangu alikuwa anakulia jiko la nje, na sahani magotini. Watu wazima wawili walikuwa wanapishana ndani ya nyumba yangu kama malori kwenye daraja jembamba, na mimi ndiye niliyekuwa naongoza magari.

Wazo la kuku lilikuwa la mume wangu. Alisimama uani, mama akiwa amekaa mlangoni, akaniambia, "Mwambie mama tungependa kufuga kuku, ila hatuna mtu anayewajua."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia," mama akasema. "Mwambie kuku si kazi ya mgonjwa. Lakini nitawaonyesha, kisha niende."

Mume wangu ananunua na kuuza mbao. Kuuza mbao na kujenga kwa mbao ni kazi mbili tofauti, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka nilipomwona na nyundo. Alileta mabanzi, yale mapande ya pembeni ya gogo yenye magome, ambayo viwandani huku yamejaa tele, akaanza kupigilia. Mama alikaa kwenye kigoda akamtazama kwa muda.

"Mwambie mlango umeuelekeza kwenye upepo."

"Amesikia, mama."

"Mwambie."

Nikamwambia. Akang'oa mlango. Hasira zangu ziko karibu, na siku ile nilizimeza nyingi kuliko chai.

Alipomaliza akasakafia chini kwa saruji, laini kabisa, akasema hilo sasa ni banda la kisasa. Tukaingiza matetea wa kienyeji na jogoo, wote mama aliwachagua mwenyewe sokoni Makambako, kwa kuwapapasa kifua na kuwatukana wenye nao. Ilikuwa Juni. Asubuhi ya kwanza nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi, na kuku wetu walikuwa wamesimama juu ya saruji wakibadilisha miguu, mmoja juu, mmoja chini. Jioni yake mama akawahamishia jikoni, karibu na mafiga, kama walivyolala kuku wote wa maisha yake.

"Muulize mama," mume wangu akaniambia mbele ya banda tupu, "kuku wako wapi?"

Alikuwa ameumia, nilimwona. Lakini hakununa. Alileta maranda ya mbao akayamwaga juu ya ile saruji mpaka mguu unazama, akaziba nafasi za mabanzi kwa viroba, akaweka fito za kulalia. Mama akaingia ndani na fimbo yake, akatoka.

"Mwambie sasa watu wanaweza kulala."

Mume wangu alitembea siku nzima kama amepewa cheo.

Kuku walipozoea, mama akafunga begi. Lakini tetea mmoja alikuwa ameanza kuatamia, na mama akasema kuku anayelalia haachwi kwa watu wasiojua, kuku akitotoa yeye ataondoka. Mimi si mjinga. Kabla hajatotoa nikamwekea mayai tetea mwingine aliyekuwa anaonyesha dalili, na baada yake mwingine. Kila mama akikaribia kuondoka, kulikuwa na mzazi mtarajiwa bandani. Mama hakuwahi kuniuliza kwa nini kuku wetu wanapokezana kama walinzi. Nami sikumweleza kwamba kila nikiufikiria ule mteremko, na yeye peke yake kwenye nyasi, naenda kutafuta mayai mengine.

Kisha bahati ikaisha. Tetea wa mwisho akatotoa na hakuna mwingine aliyetaka kuatamia. Nilimwekea mmoja mayai, akayatazama, akashuka akaenda kula pumba. Nikamrudisha, akanidonoa.

Mama akafunga begi tena. Safari hii nilimwambia waziwazi, "Mama, usiende. Baki."

"Nibaki kama nani?"

"Kama mama yangu. Hapa ni kwangu."

"Hapa ni kwa mume wako. Watasema nimeshindwa maisha, nimekuja kujibanza kwa mkwe."

"Na ukianguka tena?"

"Nitaanguka kwangu."

Nilifoka, maneno ambayo mtu hamwambii mama yake, kisha nikaenda kulia nyuma ya jiko. Hakunifuata.

Asubuhi mume wangu aliita bajaji ya kumpeleka stendi. Begi lilikuwa mlangoni. Mama alisema anakwenda kuwaaga kuku, akaingia bandani akifuatiwa na vifaranga, akakaa humo muda mrefu. Mwenye bajaji akapiga honi. Mume wangu alisimama akiangalia viatu vyake.

Mama akatoka, ameshika fimbo, na maranda yamemng'ang'ania kwenye kitenge. Hakunitazama. Alimtazama mkwewe usoni, kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Baba," akamwambia, "leo sitaweza kwenda. Yule mweupe ameanza kulalia."

Bandani kwetu mweupe ni mmoja, naye ni jogoo. Mama ndiye aliyemchagua. Wakati huohuo alikuwa juu ya fito, anawika.

Mume wangu aliacha viatu vyake, akainua macho. Kisha akamjibu mwenyewe, bila kupitia kwangu.

"Kweli, mama. Nimemwona tangu juzi. Yule haachwi."

Akamlipa mwenye bajaji usumbufu, akachukua begi, akalirudisha chumbani.