Fundi Aliyetukataza Kuvuta Kamba

Wiki hii tumemzika fundi wangu. Nasema wangu, ingawa nusu ya Butembo inaweza kudai hivyo hivyo: mwenye gari lililobonyea alimjua, na aliyetaka linyoshwe haraka haraka alimjua zaidi, kwa kufukuzwa gereji. Mkewe alinipigia simu asubuhi kunipa habari, kikombe cha chai bado kiko mkononi mwangu. Nililia. Halafu, mnisamehe, nikacheka, maana nilikumbuka siku aliponiita mjinga mbele ya kanisa zima.

Mnalikumbuka jumba la magari ya zamani, njia ya kwenda Rughenda. Mfanyabiashara mmoja mzee alilijenga ili wajukuu waone magari yaliyotufungulia biashara, likiwemo lori lenye pua ndefu lililoshusha viazi kutoka Kipese hadi Beni. Mvua zilipozidi, ardhi ilikatika chini ya sakafu na magari matano yakatumbukia shimoni. Mzee alikata tamaa, na mnunuzi wa vyuma chakavu akawa ameshakuja kutazama. Sisi wa kanisani tukafanya tunachofanya kila lori linapokwama: tukaja na kamba na wimbo. Tulifunga kamba kwenye bampa la lori lile, mimi nikiwa mbele kabisa, tukavuta. Bampa likang'oka pamoja na taa, nasi tukaanguka chali kwenye tope. Ndipo fundi akafika.

“Muache kamba! Mutuka hapana ng'ombe! Na wewe muandikaji, mujinga mukubwa, unaimba huku unaharibu!”

“Sasa tufanye nini, papa?”

“Muchimbe. Lakini pole pole. Udongo yote ipite mu chekeche.”

Akaenda mwenyewe sokoni kwa akina mama wanaochambua maharagwe. “Bamama, vile munachaguaka maharagi, mutuchagulie bulon na nati.” Wakaja, wakakaa kwenye majamvi wiki baada ya wiki, wakachekecha mlima wa udongo. Kila nati na kila kipande cha kioo kiliwekwa kwenye kitambaa cha gari kilimotoka. Mzee alikuwa ametoa sharti moja: lori likiwaka, magari yote yatabaki; lisipowaka, yote yatauzwa. Magari yalipotolewa shimoni, fundi aliunga injini ya lori na kugonga mabati yake miezi mingi, akisikiliza kila pigo. Nilipomshauri anunue bati jipya, alinitazama kwa huruma. “Bati ya mupya itajua njia ya Kipese?” Siku lori lilipounguruma, wa kwanza kupanda walikuwa wale akina mama, na sijawahi kujivunia mji huu kama siku ile.

Tunasifiwa kwa nguvu zetu. Barabara ikiharibika tunasukuma, maradhi yakija tunasukuma, vita vikitufunga njia tunatafuta pa kusukumia. Mimi pia nilidhani umoja ni kuvuta pamoja. Fundi alituonyesha kwamba watu wengi wanaweza pia kukaa chini pamoja na kutazama, mpaka kidogo kilichopotea kionekane.

Jeneza lake lilipanda kilima cha makaburini juu ya lori lile lile. Pale penye utelezi tulikimbilia nyuma yake kwa mazoea, mikono tayari kusukuma. Lori halikutungoja. Lilipanda lenyewe, likiunguruma, nati zake zote mahali pake, nasi tukalifuata mikono mitupu, tukiimba.